Panya Waliopepesuka

Kawetele, Tukuyu
14 Mei 2025

Kaka Meshaki,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini Makambako imekupokea vizuri na kile kikohozi kimepona. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila goti linamsumbua akipanda mlima wa Lufingo. Kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona nikuandikie.

Tangu Machi nina kazi ya kutunza panya weupe kwenye maabara ya utafiti. Usicheke. Nawalisha, nawapima uzito, na sasa namjua kila mmoja kwa tabia yake. Wiki iliyopita mkuu wetu, Daktari Innocent, alileta dawa ya viwandani ya kuoshea grisi kwenye vyuma. Alitaka kujua mvuke wake unawafanya nini panya kwa muda mfupi tu. Akaniketisha na saa na daftari mbele ya sanduku la kioo lenye panya wanane.

Sikuweza kubandua macho. Dakika ya nne walianza kujifuta pua. Dakika ya tisa wakapepesuka, miguu ya nyuma inaburuzika, mmoja anazunguka na kujigonga ukutani. Nikaandika kwamba wamelewa. Daktari akasoma, akalikata neno lile.

"Bupe, hawa hawajanywa kitu," alisema. "Andika ulichokiona."

Tulipowahamishia kwenye hewa safi, sita waliinuka baada ya nusu saa. Wawili hawakuamka.

Nilipokuwa nafunga chupa ndipo harufu iliponifikia, tamu kidogo, kama ya rangi ya kucha. Kaka, ndiyo iliyokuwa kwenye ovaroli lako siku ile ya mvua, mlipoosha vyuma gereji kule Ibighi milango imefungwa, ukarudi ukaangukia migombani.

Mama aliniuliza, nikamwambia unanuka pombe. Sikunusa pombe yoyote. Nilikuona unayumba, nikamalizia mwenyewe. Tena ni mimi niliyewaambia wazee wa kanisa, wakakutoa kwenye kwaya. Ulipoapa kwamba hujanywa, nilinyamaza.

Jumapili nilimweleza mama yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama bado unaosha vyuma. Kama unaosha, fungua milango hata mvua inyeshe, na kichwa kikianza kuzunguka toka nje. Kwa wazee nitakwenda kesho, peke yangu.

Usiponijibu mimi, mjibu mama. Anakusalimu sana, na shemeji na watoto pia tunawasalimu.

Mdogo wako,
Bupe