Simba wa Mayu Minza

Alhamisi, 12 Juni
Nimeanua pamba, nimejaza viroba. Mgongo unauma. Katibu wa kina mama amepita: Jumamosi kanisa linakwenda hifadhini, nami nitakaa na Mayu Minza nimsimulie kila kitu njiani. Surua ilimpofusha utotoni. Wote tunamwita Mayu, ni mama yetu kwa umri. Nilitaka kukaa nyuma na wenzangu tucheke. Nimekubali mdomoni, moyoni nimenuna. Bwana anisamehe.

Jumamosi, 14 Juni
Tumerudi Bariadi. Vumbi hadi masikioni. Getini askari wa hifadhi alikuwa mwema, alimwekea Mayu fuvu la nyati mikononi. Akalipapasa pole pole. Pembe, matundu ya macho, meno. Akalinusa kabisa. Alifurahi kuliko sisi sote.

Mwanzoni nilimsimulia vizuri. Twiga, pundamilia. Anauliza: wanaelekea wapi? Wanatafuna nini? Nikachoka. Mchana wenzangu wakasinzia. Simba hatukumwona. Mayu akauliza tena, simba bado? Sijui nini kiliniingia. Nikamnong'oneza: huyu hapa, dume, amelala kichakani. Akanishika mkono kwa nguvu. Ana manyoya mengi? Nikasema mengi. Akanyamaza asije akamwamsha.

Nilijiambia ni huruma. Ukweli, nilitaka aniache nipumzike.

Jumapili, 15 Juni
Aibu. Aibu tupu.

Wakati wa shuhuda Mayu alisimama. Akamshukuru Mungu kwa kumfikisha mbele ya simba, yeye asiyeona. Watu wakatazamana. Kisha miguno. Mzee Masanja nyuma yangu akasema, "Kumbe tuliolala ni sisi wenye macho!" Watu wakacheka. Mayu akadhani wanafurahi pamoja naye, akacheka pia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mdomo nilikuwa nao, sikuufungua.

Jumanne, 17 Juni
Chakula hakishuki. Maombi hayapandi. Dukani wameanza kumwita Mama Simba. Anaitika. Anadhani ni heshima.

Alhamisi, 19 Juni
Nimekwenda kwake. Nimemkuta anapukuchua mahindi kwenye turubai. Nimemwambia yote, hata lile la kutaka kupumzika. Mikono yake ikasimama. Nilitegemea atalia. Hakulia.

"Mama Holo," akasema, "ninyi mlimkosa simba, mkarudi mkasema tumemkosa. Mimi umeninyima hata kumkosa."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi.

"Inuka. Unakanyaga mahindi yangu."

Kama amenisamehe, hakusema. Nimerudi nyumbani nikamwambia mume wangu kichwa kinauma. Uongo mwingine.

Jumapili, 22 Juni
Leo niliomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema mbele ya wote kwamba simba hakuwepo, nilimdanganya Mayu, na Jumapili iliyopita walipomcheka nilikaa kimya. Nilikuwa na mengine ya kusema, nikaketi. Hakuna aliyecheka. Mzee Masanja alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mayu alikuwa kwenye benchi la kwaya, uso wake hausemi kitu.

Baada ya ibada aliuliza niko wapi, akanishika bega, tukashika njia ya kwake. Tukapita mashine ya kukoboa. Ndipo akaniambia nimsimulie safari upya, yaliyokuwepo tu. Nikaanza na nyumbu waliovuka barabara mbele ya gari letu, jinsi dereva alivyozima injini tukasikia kwato. Akauliza, aliyevuka wa mwisho alikuwa mkubwa au ndama?

Nikafikiri sana.

Nikasema, sijui Mayu, sikuangalia.

"Haya," akasema. "Endelea."