Mstari wa Mwisho wa Lebo

Jumatatu, 3 Machi
Chai, chapati, kompyuta. Mvua tangu alfajiri. Nimemaliza programu ya lebo za dawa kwa zahanati ya jirani hapa Ifakara. Kwenye skrini lebo imekaa vizuri: jina la mgonjwa, dawa, kipimo, na chini kabisa mara ngapi kwa siku. Nimejaribu kuchapa kwa jina la Juma Ali. Safi. Najiona fundi.

Jumatano, 5 Machi
Wameanza kuitumia. Agripina, mtoa dawa, kanisifia mbele ya wagonjwa. Kichwa kimevimba kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Jioni Agripina kapiga simu. "Dada, njoo uone. Lebo yako imemeza mstari."

Nimekwenda mbio kwenye matope. Kweli. Mtoto anaitwa Nkwimba Masanja Lugembe Ng'wandu. Kwenye skrini majina yote manne yameenea mstari mmoja. Lakini printa haina fonti yangu, imeweka ya kwake, yenye herufi pana. Jina likashukia mstari wa pili, likasukuma maneno yote chini, na mstari wa mwisho ukaangukia nje ya lebo. Skrini inasema "Kutwa mara moja". Nakala iliyobaki zahanati haisemi kitu, na ya chupani ni hiyohiyo.

Huku kwetu watu wamezoea dawa ni kutwa mara tatu. Mama yeyote asiyeona maandishi angempa mara tatu. Na hii ikizidi ni hatari kwa mtoto mdogo. Mama kashapanda basi la kurudi Mchombe. Mtandao wa huko umekufa na mvua. Naogopa. Nimejikasirikia mpaka chakula kimenishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Mtandao umerudi asubuhi. Konda wa lile basi hulala Mchombe, na Agripina ana namba yake. Jamaa kamkumbuka mama mwenye mtoto mgongoni. Kaacha abiria wakilalamika, kaenda kwa miguu mpaka kwake. Mtoto alikuwa kanywa kijiko kimoja tu, cha jana jioni. Cha pili kilikuwa kinasubiri uji upoe.

"Mwambie dada wa kompyuta atulie," konda kasema. "Mama kaelewa, kayarudia mwenyewe: kutwa mara moja."

Nimelia. Sijawahi kumwona huyo mtu. Mungu amzidishie.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada, kazi. Sasa programu inaiuliza printa kwanza upana wa kila herufi, na skrini inachora hivyohivyo. Maneno yasipoenea kwenye lebo, haichapi. Nimechapa kila jina refu la Kisukuma ninalolijua. Agripina kakaa nami mchana kutwa, siku yake ya mapumziko, akilinganisha lebo na skrini kwa rula. Hajanilaumu hata mara moja. Bora angenilaumu, ningepumua. Nampenda huyu mwanamke.

Alhamisi, 13 Machi
Mama Nkwimba kaja kumpimisha mtoto. Mzima. Mama hanijui. Nimemwuliza habari za Mchombe, kasema nzuri, wanapalilia. Nkwimba hataki tena kubebwa, analia ashushwe. Nimekaa kwenye benchi nikimsikiliza anavyolia, kwa nguvu zote. Asante, Mungu.