Shusha Meno

Jumatano, 4 Machi

Operesheni ya jicho la Mama ni Alhamisi ijayo, tarehe 12. Amesema daktari mwenyewe, mbele yangu na Mama. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke. Atajaribu, haahidi. Nikamuuliza asilimia ngapi. Akasema maswali ya gazeti niyapeleke gazetini.

Njiani Mama hakuzungumzia jicho. Alizungumzia mfarishi wake — ule wa viraka, vitambaa juu, pamba katikati, shuka chini. Ameuchora majani kwa cherehani, kiraka baada ya kiraka, mpaka macho yakamkatalia. Imebaki pembe moja. Anataka auone umekwisha kabla hawajaligusa jicho.

Nikasema tuupeleke kwa fundi. Mkono wa fundi siujui, akasema. Wako naujua, niliufundisha kushika kijiko.

Basi. Nimepewa kazi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeanza na kitambaa cha majaribio. Hovyo!

Kwa ushonaji wa kawaida, vyuma vidogo chini ya sindano husukuma kitambaa mbele. Mama huviita meno. Ukitaka kuchora, unayashusha meno, na mikono yako ndiyo inayoendesha kitambaa kila upande. Nani aliniambia? Hakuna. Nimeshona kitambaa kizima meno yakiwa juu. Nilitaka jani, nikapata reli.

Sauti ya Mama kutoka chumbani: umeshusha meno?

Nikainama kuchungulia chini ya sindano.

Haya, shusha meno, mwanahabari.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Hilo moja sikuliuliza.

Jumamosi, 7 Machi

Meno yako chini. Sasa balaa jingine. Mkono ukienda polepole, mishono inarundikana kama punje za chumvi. Ukiharakisha, inakuwa mirefu kama ya gunia. Chini ya kitambaa uzi umejisokota kiota — nimekikata kwa wembe, kikarudi. Sindano imevunjika, kipande kikagonga miwani yangu. Na jani ninalotaka liende kulia linakwenda kushoto!

Mama akaja akipapasa ukuta, akaketi. Kalamu imesimama, akasema, karatasi ndiyo inayotembea.

Nimeelewa. Mikono haijaelewa.

Mchana amefika dada yangu. Tunamwita Kamanda, naye hajawahi kulalamika. Akainua kitambaa changu dirishani.

— Haya ni majani au minyoo?

— Majani.

— Ya mti gani? Nisije nikaupanda.

Anajua duka lenye mashine ya kompyuta. Unapeleka asubuhi, jioni unachukua. Halafu jikoni akashusha sauti: kaka, jicho likigoma, kitu hicho ndicho cha mwisho atakachokiona vizuri. Unataka kiwe minyoo?

Nimemwomba anipe mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 9 Machi

Mhariri amepiga simu. Nimemwambia niko kwenye habari ya ndani. Si uongo.

Nimeingia kwenye mfarishi wenyewe, pale pale Mama alipoishia. Jani la kwanza baya. La pili baya zaidi. Nikayafumua yote mawili, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe. Kuharibu ni dakika, kufumua ni asubuhi nzima! Nilikuwa tayari kuirusha cherehani dirishani na kumpigia Kamanda achukue kila kitu.

Mama alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Mashine inakimbia, mkono umelala, akasema. Akaja akanishika taya.

— Meno ya mashine umeyashusha. Haya yako je?

Nilikuwa nimeyabana mpaka masikio yanauma.

Nikaachia. Nikashona tena. Jani lililotoka si zuri. Lakini ni jani.

Kamanda alipita jioni, akalitazama, akaenda zake bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Jumanne, 10 Machi

Nimejishona.

Niliinama, upindo wa shati ukaingia chini ya mfarishi, jani zima likapita juu yake. Nikivuta, pamba inachomoza. Naandika nikiwa nimefungwa hapa hapa, daftari juu ya meza ya cherehani. Kamanda, badala ya kuleta mkasi, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mwandishi amekamatwa, akasema, tena na ushahidi mkononi!

Kelele zikamleta Mama. Hakuuliza kitu. Akavuta kiti, akasogeza uso karibu na kitambaa, akaanza kupitisha kidole kwenye pembe. Alikuwa anatafuta alipoishia.

Kidole kikafika jani lake la mwisho. Kikapita. Kikapanda kwenye langu, lile la jana, kikalizunguka, kikatulia.

— Hili nililishona nikiwa na homa, akasema. Linaonekana kabisa. Niliishia hapa, sivyo?

Kamanda akaacha kucheka. Akanitazama.

Maisha yangu yote nimelipwa kusahihisha watu. Sahihisho hapa ni maneno matatu tu: hilo ni langu. Mama akasema nifikirie, yeye anakwenda kumimina chai, akirudi nimwambie.

Namsikia jikoni, kijiko kinagonga kikombe. Kamanda amesimama na mkasi, bado hajakata. Majani mawili yamebaki. Gari la hospitali litakuja keshokutwa, saa moja asubuhi.