Klachi ya Gari la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, mama anakusalimu. Nimeanza kujifunza kuendesha gari la baba. Jana lilinizimikia mara sita pale getini, majirani wakacheka mpaka basi. Baba alikaa pembeni yangu: "Achia klachi taratibu, mwanangu, usikie inapoanza kushika."

Unakumbuka alivyolalamika kwamba klachi imekuwa nyepesi, haisikii kabisa? Fundi ameifungua mara mbili, haoni kasoro. Kaka, klachi ile ni nzito. Paja langu la kushoto linatetemeka mpaka sasa.

Leo asubuhi kandambili ya kushoto ya baba ilimchomoka mlangoni, naye akatembea hadi kwenye gari bila kujua. Mama sijamwambia. Njoo upesi, funguo bado anazo yeye.

Mdogo wako