Meza ya Maktaba na Mninga Uliobaki Umesimama

CHAMA CHA MASEREMALA NA WATUNZA MSITU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI KATIKA KARAKANA YA CHAMA

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi milango), Katibu (mpaka vanishi), Mweka Hazina (muuza gundi na misumari), Fundi Meza, Mlinzi wa Msitu, ambaye ni mdogo wake Fundi Meza, na wanachama wengine.
Mgeni: Mkutubi wa maktaba ya mji.
Hawakuhudhuria: Mpasua mbao (kwa taarifa, mkewe amejifungua salama), Dalali wa samani (bila taarifa, kama kawaida yake).

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi, akaomba wajumbe wasiikalie meza mpya. Ilibidi aombe mara ya pili.

KUMB. NA. 2/6: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu aliwakumbusha wajumbe kuwa maktaba iliagiza meza ya kusomea, na Fundi Meza akaomba kukata mninga mkubwa wa kitalu cha tatu ili apate mbao pana. Mlinzi alikataa, kwa kuwa kitalu hicho kinapumzishwa, na mninga huo ndio unaomwaga mbegu za miche yote iliyo chini yake. Fundi Meza alimwambia mdogo wake kwamba amelewa cheo cha kulinda vichaka. Tangu siku hiyo ndugu hao walikuwa wakisalimiana kupitia kwa mama yao.

Mweka Hazina alisema "vichaka" halikuwa neno pekee lililotoka siku ile. Katibu alijibu kwamba mengine hayaandikiki.

KUMB. NA. 3/6: TAARIFA YA MEZA
Fundi Meza alieleza kwamba baada ya kunyimwa mti alisusa, hata randa hakuishika. Hasira zilipopoa alikwenda kwenye rundo la miti myembamba iliyopunguzwa msituni ili mingine ipate nafasi, ambayo mafundi wengi huiona kuni tu. Aliipasua, akaunga mbao ubavu kwa ubavu, ulimi ndani ya tundu, bila msumari hata mmoja. Mweka Hazina alitaka ifahamike kwamba misumari anauza yeye, na bado meza hiyo anaisifu.

Wajumbe waliikagua. Mwenyekiti alipitisha kiganja akitafuta maungio, hakuyapata. Akavaa miwani, hakuyapata. Rangi nyekundu na ya manjano zilipishana kama ukili wa mkeka. Wanachama watatu wanene walipanda juu yake, nayo haikulia.

Mkutubi alisema, "Jamani, mimi niliagiza meza tu. Kwa hii, watu watakuja kuitazama wasahau vitabu!" Vigelegele vilipigwa. Mwenyekiti hakuvizuia.

KUMB. NA. 4/6: JINA LA KUCHOMWA CHINI YA MEZA
Kwa utaratibu wa chama, jina la fundi huchomwa kwa chuma cha moto chini ya kazi yake. Fundi Meza aliomba la Mlinzi lichomwe kando ya lake. Mlinzi alipinga, akisema hajui hata kushika patasi na hataki sifa za kuonewa huruma. Yafuatayo yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa agizo la kikao:

Fundi Meza: "Ungenikubalia siku ile, leo tungekuwa na meza na kisiki. Sasa meza tunayo, na mti upo."
Mlinzi: "Lakini kaka, mimi nilikunyima tu."
Fundi Meza: "Ndiyo hiyo kazi yako. Siku nyingine nikikutukana, nijibu. Ila mti usinipe."

Mlinzi akasema, "Haya, lichomwe. Lakini liwe dogo."

Kikao kiliridhia kwa kauli moja. Lilichomwa likalingana na la kaka yake.

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA KIKAO
Mengineyo hayakujadiliwa, kwa sababu wajumbe walikuwa wameshatoka kuisindikiza meza maktaba, ndugu wawili wakiwa wameshika upande mmoja. Mwenyekiti alikifunga kikao mbele ya Katibu peke yake, akaomba wasaini upesi ili nao wawawahi.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................