Thelathini ya Mwezi wa Pili

Jumapili, 2 Agosti 2026

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Idi Kubwa, sikukuu ya Mfunguo Tatu, sijakufungua. Sikuugua wala sikusafiri. Nilishindwa tu. Mtu aliyefundisha insha maisha yake yote kakosa sentensi!

Basi niandike. Mjukuu wangu Fathiya ana tundu moyoni. Daktari wa mjini amesema asipopasuliwa mwaka huu, tusitarajie mwingine. Alilisema kwa Kiswahili safi kabisa, nami nilitamani akosee hata neno moja.

Kuna hospitali ya hisani huko India. Iko tayari kuwapokea baadhi ya watoto wa jumuiya yetu ya wagonjwa wa moyo, ambayo mimi ni katibu wake. Karatasi hawazitaki. Wanataka kompyuta yao iulize na kompyuta yetu ya ofisini Mbweni ijibu: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, maradhi. Orodha inafungwa Ijumaa hii.

Na kompyuta yetu haijibu!

Jumatatu, 3 Agosti 2026

Nimeshinda ofisini. Anwar, fundi wetu — mtu mzima, ndevu zina mvi — amebadilisha kebo, amebadilisha neno la siri, ameizima ruta na kuiwasha. Ulizo linatoka India, linafika kwetu, linakaa kimya, linakufa. Inabaki kauli moja tu: ombi limeshindikana. Kwa nini? Haisemi. Mwanafunzi wangu angejibu hivyo ningemsimamisha mlangoni.

La ajabu ni hili. Tukiuliza sisi wenyewe, hapa hapa mezani, watoto wote wanatokea. Akiuliza mgeni, hatokei hata mmoja. Nilimwambia Anwar labda kompyuta ina haya. Akacheka. Mimi sikucheka.

Fathiya leo midomo imeingia ubuluu. Ananyonya kwa vituo, kama mtu anayepanda ngazi ndefu.

Jumanne, 4 Agosti 2026

Umeme ulikatika hadi adhuhuri. Uliporudi, Anwar aliwaomba India walingoje jibu zaidi ya kawaida. Wakalingoja. Ulizo likafa vile vile. Akashuku ukuta wa ulinzi ulio ndani ya kompyuta, akaulegeza, akaukaza tena. Wapi!

Maryam, mwanangu, mama yake Fathiya, hachoki kupiga simu. Mama, tayari? Bado. Mama, tayari? Mwisho nilimkemea.

Ya Rabi, tusitiri.

Jumatano, 5 Agosti 2026

Limepatikana!

Leo Anwar hakugusa waya. Aliwaomba India waulize kidogo kidogo. Watoto wa mtaa wa Amani peke yao — wakajibiwa! Wa Mangapwani — wakajibiwa! Wa Makunduchi — kimya. Akawagawa wa Makunduchi nusu kwa nusu, na ile nusu iliyokufa akaigawa tena, hata akabakiwa na mstari mmoja.

"Mwalimu, hebu njoo. Nani huyu kazaliwa tarehe thelathini Februari?"

Nilivaa miwani. Kweli: 30/2/2026.

Alinieleza. Kwetu tarehe imewekwa kama maandishi tu. Andika utakalo, kompyuta inapokea. Kwao tarehe lazima iwe tarehe. Ikifika isiyokuwapo duniani, ulizo zima linaanguka, na watoto wote wanaanguka nalo.

Tulimpigia Bi Tabia, muuguzi anayetuletea taarifa za Makunduchi. Nilimuuliza Februari ina siku ngapi.

"We Ummkulthum, umenipigia kunisomesha? Nna wagonjwa mimi hapa!"

"Umetuandikia thelathini, mwezi wa pili."

"Ndiyo. Mfunguo Pili. Kazaliwa mwezi unakwisha, kesho yake ukaandama mwingine. Kwani nyinyi watu wa mjini mshaacha kufunga?"

Anwar aliinamia meza kwa kicheko. Hata mimi! Akina mama wa huko wanalima mwani, na mwani hufuata bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na bamvua hufuata mwezi. Mtoto naye hutajiwa siku yake kwa mwezi. Bi Tabia huandika anachosikia: Mfunguo Mosi, unaofuata Ramadhani, ni wa kwanza, Mfunguo Pili wa pili, hivyo hivyo hadi mwaka uishe. Mwaka wenyewe huuandika wa ofisini. Tarehe za Makunduchi zilizobahatika kuwapo kwenye kalenda ya ukutani zimepita bila kelele, nazo zote si za kweli.

Kesho tutazisahihisha moja moja. Leo nimekula chakula nikakimaliza. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 6 Agosti 2026

India walipiga asubuhi. Sauti ya mwanamke, ya upole. Wamefurahi. Kisha akaongeza, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba safari hii watachukua wasiotimiza mwaka tu. Vifaa walivyopewa ni vya umri huo. Wakubwa wangoje mwakani.

Sikulishika mara moja. Nilirudi mezani. Mimi nasoma, Anwar anaandika. Tukafika kwa Fathiya: 12/12/2025. Hata miezi minane hajatimiza.

Mwezi wa kumi na mbili. Kwa hesabu ya Bi Tabia, huo ni Ramadhani.

Na mimi nakumbuka! Nilikuwa napakua futari, upawa mkononi, mkwe wangu akapiga simu kutoka Makunduchi: mtoto wa kike! Ramadhani ya mwaka jana. Iliandama pamoja na Machi, na siku zikalingana. Fathiya ameshauvuka mwaka zamani.

Anwar aliitazama kibodi, hakunitazama mimi. "Hii tarehe ipo, Mwalimu. Itapita. Mingine nshaimaliza, mstari huu nakuachia wewe. Wewe ndo bibi yake."

Nilimpigia Bi Tabia. Alisema hakumbuki, wazaliwa ni wengi. "Na uzito wake wa miezi minane, dada yangu. Nani atauliza?"

Ni kweli. Moyo umemdumaza, hata mwili wake unashuhudia uongo.

Nimemwambia Maryam. Hakulia. "Mama, umetusahihisha tangu tunajifunza kusema. Hili moja liache."

Ijumaa, 7 Agosti 2026

Nafasi ni chache. Wa mwisho kuingia ni Ubwa, mtoto wa Mangapwani, na umri wake ni wa kweli. Fathiya akiwamo, Ubwa hayumo. Mama yake alipiga leo. Amesikia kompyuta imepona. "Mwalimu, Mungu akulipe heri." Nikaitikia amina. Kwa sauti!

Na daktari wa India je? Ajitayarishe kwa moyo wa miezi minane, afungue kifua akute wa miezi kumi na saba?

Lakini mwakani… Mwakani hayupo.

Anwar amekwenda kusali Ijumaa. Tumebaki ofisini mimi na Maryam na mtoto. Fathiya amelala kwenye kanga, juu ya benchi, pumzi zake fupi, zinakwama, zinaendelea. Maryam ananitazama mikono.

India watauliza watu wakitoka msikitini. Mstari uko wazi mbele yangu. Nimeufuta mwezi. Nimeacha siku, nimeacha mwaka, katikati pako patupu. Hapawezi kubaki hivyo. Pakibaki, ulizo litaanguka kwa watoto wote, Ubwa na wenzake. Lazima niandike kitu: tatu, au kumi na mbili.

Maryam amesema, polepole, "Mama."

Khatibu ameshuka mimbarini, nasikia wanakimu sala. Sasa naiweka kalamu. Nikishakata shauri nitarudi kwenye ukurasa huu huu, nikuandikie ni mwezi gani nilioutia.