Kwa Kiyoto wetu, aliyefia ndani ya manowari Iwasuge vita vikiwa vimekwisha

Mwaka umezunguka, Kiyoto mwanangu, tangu rafiki yako Goichi alipokuja kwetu mbio, miguu mitupu, maji yakimchuruzika, akasimama mlangoni. Machenza yalikuwa yameanza kuiva kama yalivyo leo. Nikamwambia, "Ingia, baba, unywe chai. Kiyoto umemwacha wapi?" Akaanza kulia, mtu mzima yule. Ndipo nikajua.

Tungependa kuandika kwamba ulikufa vitani, au kwa homa, kama familia nyingine zinavyowaandikia watu wao. Hatuwezi. Kisiwa kizima kinajua. Ulikufa ukiiba shaba ndani ya manowari uliyoitumikia ujana wako wote, na shaba ile tuliila sisi nyumbani. Naona aibu kuandika, lakini naandika, kwa sababu meli bado imekaa pale mbele ya kijiji na watoto wa watu bado wanaingia.

Ulikuwa mpole, Kiyoto. Hukuweza kupita jikoni bila kupiga magoti kutazama moto. Ndiyo kazi waliyokufundisha huko, kuchochea moto wa mitambo chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni bahari wala vita. Ulikuwa ukinitania, "Mama, moto wako huu unakufa kwa kukosa pumzi. Umeufukia kama maiti." Unachokoa kidogo tu, unawaka. Ukimenya chenza, ganda lilitoka lote zima, na kipande cha kwanza cha tunda kilikuwa cha mdogo wako Sachie, hata alipokuwa mkubwa wa kuolewa.

Uliingia Iwasuge ikiwa bado inanuka rangi. Baba yako alikwenda bandari ya Kure kuitazama ikiondoka, akarudi amekauka sauti kwa kushangilia. Kwanza ilikwenda pwani ya Uchina. Tulipata habari kwamba imepiga mji fulani kwa mizinga, na hapa kijijini tukatembea na taa na bendera. Uliporudi likizo nikakuuliza vita vilikuwaje. Ukasema, "Sisi tulipiga. Mji haukujibu." Nikadhani unajivuna. Sasa naelewa hukuwa unajivuna. Katika mji ule walikuwamo akina mama wenye majiko kama langu, na mimi nilishika taa.

Kisha ikaenda kusini, vita vya visiwani. Ikarudi imekatika pua, ikashonwa, ikaenda tena. Manowari nyingine zilizama na watoto wa majirani, ila Iwasuge ilirudi kila mara. Nami nikapandisha mabega. Nilimwambia jirani yetu bibi Toyo, ambaye mwanawe alikuwa hajulikani alipo, "Meli ya mwanangu ina bahati." Nilimwambia hivyo kisimani, mbele ya wenzake. Bibi Toyo alijaza ndoo yake, akaondoka.

Mwaka wa mwisho wa vita ilirudi na tundu la torpedo, bomu la majini, ubavuni na mafuta hakuna. Wakaifunga kwa minyororo hapa hapa mbele yetu, chini ya kilima, ili mizinga yake itumike kupiga ndege. Sisi wanawake tukaambiwa tukate matawi ya misonobari kuifunika, ifanane na kisiwa. Matawi yalikauka, yakageuka mekundu, tukawa tunapanda kukata mengine. Hapo bibi Toyo akapata zamu yake. "Umeno shoga, manowari yako yenye bahati siku hizi unaimwagilia maji? Mwakani itazaa machenza." Watu wakacheka. Nami nilicheka, ila moyoni niliungua.

Ndiyo maana siku ile ulipopewa ruhusa ya jioni ukaja kwa mashua, umekonda, unataka kula tu dagaa na kulala kidogo kwenye mkeka, nilikuambia, "Rudi mapema, watu wasiseme mwanangu anakaa nyumbani huku wenzake wanapigana." Ulikula umesimama, Kiyoto. Ulikunja leso yako, ukasema, "Haya, Mama." Ukaenda.

Ndege zilikuja mchana wa jua kali. Tuliiona Iwasuge kutoka mashimoni tulikojificha, ikizama polepole mpaka ikakaa kwenye matope, sitaha juu ya maji, matawi yetu yakiwaka. Ulitoka wewe. Wenzako wengi wa chini hawakutoka, na baadhi yao hawajatolewa hadi leo.

Vita vikaisha, njaa ikaanza. Baba yako alikohoa damu. Chaza tunaofuga hatukuwa nao, maboya yote ya kuwaning'inizia yalikuwa yamevunjika. Ukaanza kwenda kwenye meli maji yakipwa, na patasi na nyundo, wewe na Goichi. Hukuwa wa kwanza kwenda, lakini uliijua kuliko wote. Kila ukifika mlangoni ulivua kofia ukasema, "Samahani, ndugu zangu, napita." Uliwasha sigara ukaiweka pembeni iungue yenyewe, kwa kuwa udi haukupatikana. Goichi ndiye aliyenieleza. Wewe hukunieleza kitu. Ulileta mchele tu, nami sikuuliza. Nilikuwa naosha mchele ule nikiimba.

Sasa nataka wanaosoma wajue ulivyokufa, kwa sababu yamesemwa mengi. Wapo wanaosema wafu walikuvuta. Wafu hawakukuvuta. Ulifungua chumba kilichokuwa kimefungwa tangu siku ya mabomu. Chuma kikiwa kimefungiwa mahali, kutu hula hewa yote, na aliyeingia haoni moshi wala hasikii harufu. Huanguka tu kama amelala. Wewe ndiwe uliyewafundisha wengine: fungua mlango, subiri, shusha mshumaa kwa kamba, ukizimika usiingie. Siku hiyo mliisikia mashua ya doria, ukafanya haraka. Goichi alikuona umelala kifudifudi kwenye ngazi, akataka kukurukia. Kilichomponya ni kwamba alikuwa amejifunga kamba na mwenzenu wa tatu alikuwa juu, akamvuta kabla hajafika. Wewe walikutoa kesho yake, na mshipi wako bado ulikuwa na vipande vya shaba.

Mtawa wa hekalu alikupa jina zuri la kifo, lile wapewalo marehemu. Hata hivyo waliokuja kukusindikiza walikuwa wachache, na waliokuja walitazama chini.

Kiyoto, hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, na si ya zamani, ni ya mwezi huu.

Unajua kila asubuhi wali wa kwanza kutoka sufuriani ni wako. Nauweka mbele ya kibao chenye jina lako, napiga kengele ndogo, kisha ukishapoa tunauteremsha tunakula sisi. Mwaka mzima umekula shayiri iliyochanganywa na viazi vitamu. Halafu vuli ilipoanza, Sachie akaleta mchele mweupe. Akasema amebadilisha kwa chaza huko mashambani. Nikafurahi! Nikakuambia, "Leo kula vizuri, mwanangu." Nikakuwekea kilima cha wali, unafuka. Baba yako akala ulioteremka, akapata rangi usoni.

Bibi Toyo akapita uani akanusa. Safari hii hakucheka. Akasema, "Umeno, chaza wa mwezi huu wamekonda kama kucha. Nani huko mashambani amekupeni mchele mweupe kwa kucha?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Mimi, niliyezaliwa kwenye chaza! Nilijua kama anavyojua yeye kwamba hawanenepi mpaka baridi ishike. Nilijua na sikutaka kujua. Sachie aliporudi nikamshika mikono nikaigeuza. Viganja vilikuwa vya kijani kwa kutu ya shaba, kama vyako.

Nilikuwa nimekulisha kile kilichokuua, Kiyoto. Nilikupigia na kengele.

Tuligombana mbele yako, ulisikia.

"Sachie, wali huu umetoka wapi?"

"Kula tu, Mama. Unaulizwa na nani?"

"Naulizwa na kaka yako."

"Kaka alipouleta yeye, ulimwuliza?"

Baba yako akageukia ukutani.

"Kaka yako amekufa mle ndani."

"Alikufa kwa haraka. Mimi sina haraka. Nafungua, nasubiri, nashusha mshumaa."

"Maneno hayo ni yake, mwanangu. Yote ni yake."

"Basi alinifundisha vizuri." Akacheka kidogo, lakini macho yalikuwa mekundu. "Mama, Baba haponi kwa viazi. Wakandarasi wakija kuikata meli, kazi imekwisha, kila mtu ataacha. Ni majira haya tu."

Majira haya tu. Hata wewe ulisema majira haya tu.

Tangu siku ile sijakuwekea wali mweupe. Umekula kiazi, na baba yako amekula kiazi, anakohoa, ananiangalia. Sachie anapika mchele wake kwenye chungu kingine na kumlisha baba yenu kwa mkono wake nikitoka. Najua. Nikirudi nauona mwiko umeoshwa. Wala siwezi kumpiga mtu mzima, na siwezi kumwambia baba yako asile.

Kwa hiyo nawaambia ninyi akina mama mnaopita hapa gatini. Wali mweupe ukiingia nyumbani kwako vuli hii, uliza kabla hujaosha mchele. Usifurahi kwanza. Geuza viganja vya mwanao. Mimi ni mtu wa darasa la sita, sijui mambo ya vyuma, lakini najua kwamba mtoto akikuletea chakula na hukumwuliza, umemtuma. Nami nilimtuma wangu mara mbili, mara ya kwanza kwa bendera na mara ya pili kwa sufuria.

Nanyi mnaoingia, kama hamtasikia la mama, sikieni la Kiyoto. Vyumba vilivyofungwa viacheni vilivyo. Mwenzio akianguka, usimfuate bila kamba na mtu juu. Na mle ndani wamo watoto wa watu. Mama zao wako Kure, wako Matsuyama, wako milimani wasikoijua bahari, wanangoja hata mfupa. Sisi tumepasua milango yao kutafuta koki za shaba. Ninyi mama zao, kama karatasi hii itawafikia, sina uso wa kuwaomba msamaha. Naomba tu mjue kwamba mwanangu alivua kofia.

Sala za mwaka zitasomwa hekaluni Jumapili, maji yakiwa yamejaa, ili asiwepo wa kusema alikuwa na kazi kwenye meli. Njooni mikono mitupu. Chakula ni shayiri, viazi vitamu na machenza. Bibi Toyo amesema atakuja kunisaidia kumenya. Sikumwomba, na sikustahili.

Wanaokukumbuka ni baba yako Yonezo. Shangazi yako Masu wa Kurahashi. Goichi, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii. Mimi mama yako Umeno. Na mdogo wako Sachie.

Sachie nilimsomea maneno haya alfajiri. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, unatuvua nguo mbele za watu." Nikamwambia ni kweli. Akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kasia. Maji yalikuwa yanakupwa. Sasa yameanza kurudi, na mashua yetu bado naiona imefungwa ubavuni pa Iwasuge, haina mtu.

Nakwenda kuibandika karatasi hii ubaoni pa gati, Sachie aione akipanda kutoka mashuani. Jina lake nimeliandika kati ya wanaokukumbuka, na wewe, mwanangu, kama una neno huko uliko, liache jina hilo hapo lilipo, kati ya walio hai. Hatutakusahau, Kiyoto, siku zote za maisha yetu, sisi sote tuliotajwa hapa, asipungue hata mmoja.